Dawa ya nyanya, dawa ya mapafu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo hapa Tabora sijasikia mabwana shamba na madaktari wakiliongea pamoja.

Ingia duka la pembejeo uulize dawa ya ukungu wa nyanya. Utapewa kichupa, na kwenye lebo, kwa yale maandishi ya kusoma kwa miwani, huenda ukakuta difenokonazoli au tebukonazoli. Hizo ni ukoo mmoja na itrakonazoli na vorikonazoli, anazopewa mgonjwa aliyeota kuvu ya Aspergillus mapafuni. Zote zinaua kwa njia ile ile: kuvu inashindwa kutengeneza mafuta ya kujengea utando wa seli zake.

Kuvu hiyo hukaa kwenye mboji na majani yanayooza. Chembe zake hupeperuka na vumbi, tunazivuta sote, na kwa wengi wetu kinga ya mwili inazimaliza. Inapopata makazi ni kwenye pafu lililoachwa na mashimo ya TB. Mtu kamaliza dozi ya miezi 6, kapona, halafu kikohozi kinarudi na damu. Makohozi yanapimwa, TB haionekani, na bado wapo wanaorudishiwa dozi ile ile ya TB.

Sasa, kuvu ikipigwa dawa shambani msimu hadi msimu, zinazonusurika ndizo zinazozaana. Zinamfikia mgonjwa zikiwa tayari sugu kwa dawa ambayo hajaimeza hata mara moja. Tusidhani ni habari za Uholanzi tu, ambako usugu huu umeripotiwa sana: mwaka 2014 watafiti waliripoti Aspergillus sugu kutoka kwenye udongo wa Kilimanjaro. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la hatari zaidi, kwenye orodha yake ya kuvu 19 zinazougua binadamu.

Simlaumu mkulima. Anayepima dawa kwa kizibo na kurudia kila mvua ikikatika anaokoa nyanya zake (na ada ya watoto), wala hakuna aliyemwambia habari za mapafu.

TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo hapa hapa kwetu. Washirikiane na hospitali za mkoa: udongo wa bustani na makohozi ya waliomaliza dozi ya TB lakini bado wanakohoa vipimwe, tujue kama kuvu ni ile ile. Na afisa ugani anapofundisha kutopiga dawa za kundi moja mfululizo, amwambie mkulima pia azibe pua na mdomo anapogeuza mboji.

Mkulima wa nyanya,
Ipuli, Tabora