Nyanya zetu nazo zipimwe kama maharage ya Ulaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo linalomgusa kila anayekula mboga nchi hii. Mimi ni mama mkulima wa Maji ya Chai, wilayani Arumeru. Upande mmoja wa shamba nalima maharage machanga yanayokwenda Ulaya kupitia kampuni, upande wa pili nyanya za soko la Tengeru. Mfereji ni mmoja, udongo ni mmoja, na anayepuliza ni yule yule. Lakini usalama wa mlaji unalindwa upande mmoja tu.

Kwenye maharage kuna daftari. Nikipiga dawa naandika jina lake, namba iliyo kwenye pakiti, kipimo kwa bomba la lita 20, nani alipuliza, na tarehe ya kwanza ninayoruhusiwa kuchuma. Bwana shamba wa kampuni akija anaomba daftari kabla hajatazama hata mstari mmoja wa miche. Siku za kusubiri zisipotimia hakuna kuchuma, hata maharage yakikomaa mpaka yawe ya kulishia ng'ombe. Ukali huo haukuja bure. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharage na njegere mbichi za Kenya, ikawa katika kila shehena 100 zinapimwa 10, kwa sababu ya mabaki ya dimethoeti, dawa ya kuua wadudu, na wakulima wadogo wengi wa kule wakaachwa na wanunuzi. Dawa ambayo haijawekewa kiwango chake maalumu, Ulaya inaruhusu mabaki yake miligramu 0.01 tu kwa kilo ya mboga, yaani gramu moja katika tani 100.

Kwenye nyanya hakuna anayeuliza. Fuso likifika jioni zinachumwa, hata kama bomba limepita asubuhi. Mkulima akisema zingoje wiki, dalali anahamia kwa jirani, na nyanya iliyoiva haina subira. Nina daftari la nyanya pia, nimeliandika kama la maharage. Hajatokea mnunuzi aliyetaka kuliona.

Nenda Tengeru Jumamosi asubuhi uangalie matenga. Utaona nyanya zenye vumbi jeupe lililoelekea umanjano, limejaa kwenye kishimo cha kikonyo. Mara nyingi hiyo ni mankozebu, dawa ya ukungu. Wapo wachuuzi wanaoipenda nyanya ya namna hiyo, wakiamini haitaoza njiani. Ulaya iliamua mwishoni mwa mwaka 2020 kutoipa tena kibali. Ikipata moto, sehemu yake hugeuka kuwa kemikali nyingine iitwayo ethilinithiourea, inayovuruga tezi ya thairoidi shingoni. Na sisi mchuzi gani unapikwa bila nyanya?

Tunaambiwa tuoshe. Tuoshe ndiyo, kwa maji mengi na kwa kusugua, maana vumbi la juu linapungua. Lakini zipo dawa kama imidaklopridi zinazonyonywa na mmea na kuingia hadi kwenye nyama ya tunda. Hizo huzioshi, na hata ukimenya umechelewa.

Mkulima mwenzangu simtupii lawama zote. Anapambana na kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini, na hapa Tanzania aligunduliwa mwaka 2014. Ni nondo wa kijivu mwenye urefu wa punje ya mchele. Kiwavi wake anachimba kati ya ngozi mbili za jani, kisha anatoboa tunda karibu na kikonyo, kwa hiyo dawa inapita juu na yeye yuko ndani anakula. Mtu akiona hafi, anachanganya dawa mbili au tatu kwenye bomba moja na kupiga mara mbili kwa wiki. Wanaokufa kwanza ni wadudu rafiki waliokuwa wanakula mayai ya kantangaze, halafu kantangaze anarudi na usugu.

Mimi naanza na mitego. Beseni la maji yenye sabuni, juu yake natundika kidonge chenye harufu ya jike. Asubuhi unakuta madume yanaelea, na wingi wake ndio unaonieleza kama shambulio limeanza au bado. Jani lenye michirizi ya kiwavi nalichuma, nalitia kwenye mfuko mweusi, naufunga na kuuacha juani. Nyanya zikiisha, pale hapapandwi viazi, bilinganya wala mnavu, kwa sababu zote ni ukoo mmoja na mdudu ni huyo huyo, panaingia mahindi. Natumia pia mbegu za mwarobaini (majani nguvu yake ni ndogo). Natwanga, naloweka gramu 50 kwa lita ya maji usiku kucha, nachuja kwa kitambaa na kupuliza jioni, maana jua linaua nguvu yake. Kuna misimu hayo hayatoshi, ndipo nachukua dawa ya dukani, moja tu kwa wakati mmoja, na nasubiri siku zilizoandikwa.

Niongeze jambo kwa wanaodhani kila kitu cha asili ni salama. Maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu kali kwa anayepuliza. Mmea wa utupa una sumu ya rotenoni, na ndio huo wazee waliovulia samaki kwa kuwalevya mtoni. Hizo nazo zinataka kipimo na siku za kusubiri.

Sasa nasema na wenye dhamana. TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iliundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na makao yake makuu yako Ngaramtoni, mkoa huu huu. Usalama wa chakula uko TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019. Nawaomba wachukue sampuli mara kwa mara Tengeru, Kilombero ya Arusha, na Ilala na Mabibo za Dar es Salaam, na majibu yachapishwe magazetini kwa Kiswahili, soko kwa soko, dawa kwa dawa. Zikikutwa nyanya zenye mabaki mengi, wasiishie kwa mkulima wa robo eka. Wafuatilie hadi duka la pembejeo lililompimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye lebo, na lebo ilibaki dukani. Atazijuaje?

Wasituambie kwamba masoko yetu hayafikiki. Ushuru wa mazao unatozwa langoni kila siku ya soko na hakuna tenga linalosahauliwa. Hapo hapo langoni zitolewe nyanya chache za kupeleka maabara.

Mkulima wa nyanya na maharage,
Maji ya Chai, Arumeru