Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi wetu wapendwa,
Wadogo zetu mnaobaki,

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwito wetu. Ulisoma hapa hapa, ukaenda ng'ambo, ukarudi kufundisha chuo kikuu. Walimu wa zamani wanadai ulikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa usafi wa mazingira. Hayo tunawaachia wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala za mahafali tumezizoea. Huanza na idadi ya wahitimu, hupita kwenye upungufu wa madawati, huishia kwenye uzio. Uzio tutauomba, usiwe na shaka. Lakini sisi wa mchepuo wa Uchumi, Biashara na Uhasibu tumepewa ruhusa tuseme kwanza jambo moja ambalo tumelijadili bwenini hadi taa zikazimwa. Mkoa wetu unafanya biashara na dunia kwa zaidi ya miaka mia moja, na karibu kila mara sisi tunaachiwa kazi ya mikono, kazi ya maarifa inafanyika kwingine. Tunataka kujua hali hii itaendelea mpaka lini.

Chukua mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mmea huu wenye asili ya Mexico. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, huko Pangani. Kutoka miche hiyo yakatokea mashamba ya Muheza, Korogwe na kwingineko, yakaja na reli, yakaja na manamba waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata majani kwa hesabu ya mafungu. Wapo kati yetu leo ambao babu zao walifika Tanga kwa njia hiyo. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na ilikuwa inaongoza duniani. Miaka ya mwisho ya 1990 tulishuka hadi kama tani 20,000.

Wazee wetu husema mkonge uliuawa na utaifishaji baada ya Azimio la Arusha. Usimamizi mbaya ulichangia, hatukatai. Ila kuna mkono mwingine ambao hautajwi sana vijiweni. Mwaka 1954 profesa mmoja wa Chuo cha Ufundi cha Milan, Giulio Natta, alifanikiwa kutengeneza plastiki inayoitwa polipropilini akiwa maabara. Mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Plastiki hiyo ikawa kamba, ikawa gunia, ikawa nyuzi za kufungia majani makavu ya mifugo huko Ulaya na Marekani, yaani kazi zile zile za singa zetu, tena kwa bei ya chini. Mkata mkonge wa Ngombezi hakumjua Natta, na Natta nadhani hakuijua Ngombezi. Lakini kilichofanyika chuoni Milan kilifika mpaka kwenye bahasha ya mshahara wa Korogwe. Mwalimu wetu wa Uchumi alipotufundisha utandawazi alitupa fasili ndefu ya kuandika kwenye daftari. Tulikuja kuuelewa kwa kisa hiki.

Na tusidhani sisi hatukuwahi kuwa na maabara. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, na baadaye kikaja kituo cha Mlingano, Muheza. Watafiti wa vituo hivyo walichanganya mbegu za mkonge miaka na miaka wakapata chotara inayojulikana kwa namba 11648, yenye kutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kawaida. Miaka ya 1960 chotara hiyo ilifika China, na hadi leo ndiyo inayotegemewa katika mashamba ya mkonge ya huko. Maarifa yaliyozaliwa hapa jirani, mwendo wa daladala, yanalisha viwanda vya Wachina! Tulipolisikia hili tulijiuliza kwa nini tumefika kidato cha sita ndani ya mkoa huu bila kuambiwa. Kwenye mitihani tumejibu maswali ya ngano ya Kanada.

Ndugu Mgeni Rasmi, elimu ya juu yenyewe siku hizi ni bidhaa ya kimataifa, na ina mkataba wake. Mkataba wa Jumla wa Biashara ya Huduma wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Januari 1995, unaitaja elimu miongoni mwa huduma zinazoweza kuuzwa na kununuliwa kati ya nchi na nchi. Huduma inaweza kuvuka mpaka yenyewe, kama anavyofanya dada wa Chumbageni anayesoma shahada ya chuo cha nje kwa simu yake. Mnunuzi anaweza kuifuata iliko, kama wanavyofanya wenzetu wanaokwenda India, China na Uturuki. Muuzaji anaweza kuja kufungua duka kwa mnunuzi. Hapo ng'ambo tu ya maji, Zanzibar, chuo cha IIT Madras cha India kilifungua kampasi mwaka 2023, na ndiyo kampasi ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India. Au mtaalamu mwenyewe husafiri kwenda kufundisha. Kwa njia zote hizo nne, sisi wa Tanga tunajiona zaidi upande wa kununua.

Na wanunuzi wageni hupunjwa. Kaka wa mwenzetu mmoja alifuatwa na wakala mwenye vipeperushi vizuri vya rangi, majengo ya vioo, nyasi za kijani. Familia ikauza kiwanja Pongwe. Kijana akasoma, akarudi na cheti, akaambiwa chuo chenyewe hakitambuliwi. Hatutaji chuo wala wakala. Tunachosema ni kwamba kumbe kuna Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ingeulizwa mapema kuhusu chuo hicho, na hakuna aliyewahi kuja shuleni kutuambia hivyo. Mawakala ndio wanaokuja. Wanakuja na kalamu za bure.

Sera nazo hubadilika kwa upepo unaovuma nje. Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilikuwa inazishauri nchi kama yetu ziweke nguvu zaidi elimu ya msingi, kwa hoja kwamba chuo kikuu hakirudishi faida kama hiyo kwa jamii. Mwaka 2021 benki hiyo hiyo ikaikopesha Tanzania dola milioni 425 za mradi wa kupanua elimu ya juu. Hatulalamiki, maana ni kwa mradi huo Chuo Kikuu Mzumbe kimekuja Mkinga kujenga kampasi. Ila mzazi aliyechangia gharama za chuo miaka ya 1990 kwa kuuza ng'ombe ana haki ya kuuliza nani alikosea hesabu.

Sasa bandari yetu imechimbwa hadi kina cha mita 13. Zamani meli zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa na matishari. Leo zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Mafuta yale yana nta nyingi na hayapiti bombani mpaka yapashwe moto njia nzima. Nani atasimamia joto hilo miaka ishirini ijayo? Wenyeji husema Tanga waja leo waondoka leo. Tusije tukawa na mafuta yanayokuja leo na kuondoka leo, sisi tumebaki walinzi wa geti.

Tutoe mfano mdogo zaidi. Mzazi wetu mmoja, yupo hapa leo, analima pilipili manga huko Amani. Msimu uliopita mnunuzi alifika na kifaa kidogo cha mkononi, akachomeka kwenye gunia, akasoma namba, akasema unyevu umezidi, bei inashuka. Mama hakuwa na kifaa chake cha kubishana naye. Alitazama namba, akatazama gunia, akapokea alichopewa. Kifaa kile si cha ajabu, na kijana wa chuo mwenye ujuzi nacho angeweza kukaa pale pale kijijini. Kwa maoni yetu, elimu ya juu ingeanza kufaa biashara ya nje hapo, kwenye gunia la mama, kabla ya kufika kwenye makongamano.

Kwa hiyo tunakuomba, Mgeni Rasmi, kwa kuwa upo ndani ya vyuo vikuu na sauti yako inasikika: uwasemee vijana wa huku ili kampasi ya Mkinga ifundishe na mambo ya ukanda huu, forodha na mipaka kama Horohoro, uchukuzi wa meli, ubora wa viungo, na mkonge ambao asilimia chache tu ya jani lake huwa singa na kilichobaki humwagwa baada ya kupita korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, wakati shamba la mkonge la Hale walishaonyesha kwamba mabaki yale hutoa gesi na umeme. Tunaomba wadogo zetu wa kidato cha tano wapelekwe Mlingano na bandarini, hata kwa basi la kuazima. Tunaomba maofisa wa TCU na wa Bodi ya Mikopo wafike hapa kabla ya mawakala. Maktaba yetu ina kompyuta lakini intaneti hukatika kila kifurushi cha mwalimu wa zamu kinapoisha, maana ni simu yake tunayotumia, tunaomba tuunganishiwe.

Na uzio, Mgeni Rasmi. Mbuzi wa majirani wamemaliza bustani ya somo la Kilimo kwa mara nyingine, na Mkuu wa Shule ametuambia tusikuache uondoke bila kukuonyesha.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Kidato cha Sita