Salamu za Noeli kwa mlio zamu Bugando

Wapendwa kaka na dada zangu, Tumsifu Yesu Kristo. Na asalaam aleikum kwa ndugu zetu Waislamu mliokubali kushika zamu za tarehe 25 ili wenzenu wawahi misa. Idd ikifika deni hilo tutalilipa, kama kawaida yetu.

Mvua bado zinatunyeshea, kumbikumbi wamejaa kwenye taa, na mawe ya Mwanza yameloa yanang'aa. Msimu huu huwa naliwaza sana jengo letu la kilimani, Hospitali ya Bugando. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1971, hospitali ya maaskofu Wakatoliki. Mwaka uliofuata Serikali ikaitaifisha, na mwaka 1985 ikarudi kwa maaskofu, wakiiendesha kwa ubia na Serikali. Lakini kwangu mwaka mkubwa ni 2003, chuo chetu cha udaktari kilipoanza, kile tulichokizoea kwa jina la Weill Bugando kabla hakijawa CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha afya. Hadi hapo, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyetaka udaktari alikuwa akiaga kwao na kwenda mbali, Dar es Salaam au Moshi.

Noeli yangu ya kwanza ya uanafunzi ilinikuta wodi ya watoto. Sista alikuwa amesimamisha tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga. Mapambo hatukuwa nayo, tukachambua pamba ya vidonda tukaipachika kwenye majani. Mama mmoja wa Kwimba, mwanawe akiwa na dripu, akainuka, akachukua kipande, akakivuta taratibu kwa vidole viwili. "Hii tunailima sisi," akasema.

Siku mbili nzima nilikuwa nimemhoji na chati mkononi, akinijibu neno mojamoja. Pamba ile ikamfungua. Akanieleza kwamba homa ilimshika mtoto wakiwa shambani wanapanda, akataja dawa aliyompa mwanzo, na usiku aliokesha akisubiri usafiri. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikaandika maelezo yote upya. Daktari wetu wa raundi aliyasoma kesho yake, akayarudia mara ya pili, kisha akabadilisha matibabu. Vyumba vya mihadhara vya chuo nimevikalia miaka mingi, navishukuru, ila somo lile nililipata wodini.

Basi heri ya Noeli kwenu manesi, madaktari mlio mafunzoni, watu wa maabara, na akina mama mnaodeki korido kabla hakujapambazuka. Heri kwenu pia ndugu wa wagonjwa mnaosubiri chini na hotipoti zenu, mliotoka Geita, Mara, Simiyu, Kagera na kwingineko. Mungu awape wagonjwa wenu nafuu, muufungue mwaka mkiwa nyumbani.

Maembe yameiva kwetu. Nakuja na ndoo mbili asubuhi ya Noeli, zamu ya usiku msiondoke kabla sijafika.