Barua kwa mwanangu: kwanini nimefungua studio na mashoga zangu wa zamani

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai huko Dodoma hujambo na unakula chakula cha maana, sio kila siku chipsi mayai. Ulivyonipigia ukaniuliza eti mama kweli umeacha mshahara ukaenda kufungua kampuni ya teknolojia na wamama wenzio, nikakwambia ntakuandikia, manake jambo lenyewe refu na kwenye simu kila mtu anamkata mwenzie.

Basi ndio, nimeacha na nimefungua. Tumepanga chumba ghorofani Kikwajuni hapa Unguja, jina la biashara tumeshasajili BPRA, ile ofisi ya usajili wa biashara, kazi zetu tunazipeleka COSOZA, ofisi ya hakimiliki, moja moja kadri zinavyokamilika. Tunachofanya tunachora kanga kwa kompyuta halafu tunazifanya zizungumze. Ukinunua kanga yetu unaitundika ukutani au unaitandika kitandani, unaielekezea simu, yale maua ya kwenye pindo yanaanza kuchanua na kucheza, na unasikia sauti ya mtu mzima anakueleza lile jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, limetokea wapi, nani humwambia nani, na sehemu gani usithubutu kwenda nalo. Hakuna apu ya kupakua, kuna msimbo wa QR unauskani unafungua kwenye brauza, tumeifanya nyepesi makusudi ili isimalize bando la mtu.

Sasa nikueleze kitu ambacho wewe wa kompyuta utakipenda. Vijana wanaotusaidia upande wa programu walihangaika sana mwanzo, simu ilikuwa haiitambui kanga kabisa, au inaitambua halafu maua yanachanua kichwa chini. Wakanielewesha kwamba simu inatambua picha kwa kutafuta kona na ncha, sehemu rangi inapokatika ghafla, na ikikuta alama ileile imejirudia mara nyingi inachanganyikiwa haijui iko upande gani. Na kanga ndo mambo yake hayo, pindo linazunguka kote na kujirudia, mji wenyewe, ile sehemu ya katikati, mara nyingi ukiugeuza juu chini uko vilevile. Kitu pekee kisichojirudia ni jina. Kwahiyo simu inaishika kanga kwa jina lake, basi! Mwanangu nilifurahi siku ile mpaka nikaita wenzangu waje wasikie. Mwanamke gani wa hapa alishawahi kununua doti bila kuuliza jina? Bibi yako Darajani alikuwa anashika kitambaa, anaangalia rangi, halafu anamwambia muuzaji haya nisomee. Yeye herufi alizozijua ni za Kiarabu kama wengi wa rika lake, na kanga za zamani sana majina yake yaliandikwa kwa herufi hizo hizo, hizi za kirumi zilikuja baadae. Nataka na hizo za kwake tuzirudishe, kuna fonti tunaichora polepole kwa kufuata mwandiko wa mzee mmoja chuoni.

Ila nisikufiche, mambo hayajanyooka yote. Kanga ikivaliwa inapata mikunjo na simu inapoteza, kwahiyo kwa sasa lazima itandazwe. Na kuchapisha nguo chache chache kwa printa ni ghali, kiwanda kikubwa bei yake nafuu lakini kinataka oda ya mzigo mkubwa ambao hatuna pa kuuweka wala hela ya kuulipia.

Kuhusu hao wamama. Ulivyosema vile nilisikia kama unadhani wanakuja kupiga soga na mimi ndo nafanya kazi. Hapana mwanangu. Miaka yote niliyokaa Dar kwenye uchapishaji nilijua kupanga rangi na kutengeneza matangazo ya sabuni na ya simu, nilikuwa mzuri na nililipwa, lakini kanga sikuijua zaidi ya kuivaa. Tulikutana tena kwenye hitma ya mwenzetu mmoja wa skuli, Mungu amrehemu, wengine tulikuwa hatujaonana toka tunaolewa. Baada ya kuosha masufuria dada wa marehemu akafungua kasha akasema chukueni kila mmoja kumbukumbu yake. Zikaanza kutoka kanga. Za sare ya arusi, za sikukuu za serikali, za mafumbo ya ukewenza ambazo mtu akiziona tu anacheka halafu ananyamaza. Na kila inayotoka kuna mtu anayo habari yake, hii fulani alimvalia wifi yake mlangoni akapita mara mbili kwa makusudi, hii alipewa na mume baada ya ugomvi, hii rangi yake ilileta maneno mtaa mzima. Tulikaa mpaka magharibi. Mimi nikawa napiga picha kwa simu, manake kanga unajua maisha yake, ikichakaa inakuwa mbeleko, ikizidi kuchakaa inakuwa dekio, ndo maana ukitaka kuona za zamani huzipati, na wenye kuzisimulia nao wanaondoka.

Kuanzia pale nikawa nakwenda kwao mmoja mmoja. Nimerudia vitu nilivyoviacha miaka, kubisha hodi bila kupiga simu kwanza, kupeleka sahani ya futari na kurudishiwa na kitu ndani yake, kukaa kusuka ukili huku tunaongea. Na mtaji wenyewe umetoka hapohapo, tulianzisha mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, zamu yangu ikawa ya kwanza kwa ridhaa yao, nikanunua laptopu ya mtumba na projekta. Programu tunazotumia ni za bure, Inkscape ya kuchora na Blender ya kuchezesha, kwahiyo hela haikwenda huko.

Ndo maana nasema hawa ni wenye kampuni. Anayetoa jina au hadithi yake anasaini karatasi, sauti yake inabaki yake, kila doti ikiuzwa ana fungu lake, na jina lake linasikika mwishoni. Pale Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak wanauza kanga tangu 1887 na ukiona Mali ya Abdulla kwenye nguo unajua ni ya kwao. Mwenye duka anajulikana vizazi na vizazi. Lakini aliyetunga yale maneno, yule mwanamke aliyeyatoa kifuani kwake, hakuna anayemjua. Hilo linaniuma kweli na ndo sababu kubwa ya mimi kufanya kazi hii.

Kuna jambo jingine nataka ulijue mapema manake utalisikia kwa watu. Hoteli moja huko pwani ya mashariki walitutaka tuwafanyie onyesho, projekta, ngoma, na wakataka mambo ya unyago, yale mafunzo ya siri ya wasichana, tuyarekodi tuwawekee kwenye miwani ile ya VR inayokufanya ujione kama uko palepale, watalii watazame. Pesa ilikuwa nzuri, ingelipa kodi ya chumba muda mrefu. Mwenzetu mmoja ni somo, yaani mwalimu wa unyago, ameshacheza wari wengi, alisikiliza mpaka mwisho halafu akasema ya ndani yanabaki ndani. Tukakataa. Kijana mmoja akatuambia mbona Bi Kidude, yule mwimbaji mkongwe wa Zanzibar, aliipiga ngoma ya unyago majukwaani mpaka Ulaya? Kweli aliipiga, na Mungu amrehemu, lakini Bi Kidude alikuwa somo mwenyewe, alichokitoa alikitoa kwa uamuzi wake na alichokibakisha alijua kwanini. Kompyuta haiwezi kukuamulia hilo, wala mwenye hoteli.

Wewe umeniambia mama unarudi nyuma, dunia inakwenda mbele. Watu wakisikia teknolojia Zanzibar siku hizi wanaiwaza Fumba, kuna mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvutia kampuni za teknolojia uliotangazwa 2022, kampuni zinapewa nafasi kule, na mimi nafurahi, Inshallah na sisi tutafika. Lakini Fumba hiyo hiyo ndo alikozaliwa Siti binti Saad, binti wa mama mfinyanzi aliyekuwa anatembeza vyungu huku anaimba, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Santuri ndo ilikuwa teknolojia mpya ya wakati wake. Na alichoingiza mle ni nyimbo zake na maneno ya watu wake, mambo ya mtaa wa Ng'ambo, dhulma za mahakamani, na watu walinunua. Mimi naona hakurudi nyuma yule, na wala sisi haturudi.

Basi na wewe nakuomba kitu. Likizo ukija njoo na muda, kwenye simu za bei ndogo picha inakwamakwama sauti inatangulia, vijana wangu wamejaribu kupunguza ukubwa wa picha lakini bado, wewe angalia hiyo programu kwa macho yako. Na pili kabla hujafika Unguja pitia kwa shangazi yako mkubwa Tanga, ana kanga za leso alizopewa na mama yake na maneno yake anayajua yote, lakini sauti yake inachoka na kwangu anaona haya, wewe mtoto wa ndugu yake hatakukatalia. Mrekodi kwa simu chumba kikiwa kimya, feni izimwe, umuulize kwanza kama anakubali na uandike alivyojibu. Karatasi ya kusaini nimekutumia kwa WhatsApp. Malipo yako yapo kama ya mwingine yeyote, niambie tu unataka kwa kazi au kwa fungu la kila doti ili niandike kwenye daftari kabla ya mkutano wa Jumamosi.

Nisalimie wenzako wote wa chumbani.

Mama yako