Oili chafu inatumalizia baiskeli Tanga

Ndugu Mhariri,

Watu wa Tanga hawachoki kutaniana kuhusu baiskeli. Mwenye Phoenix, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, humwambia mwenye baiskeli ya gia kwamba amenunua pambo la sebuleni, naye hujibiwa kwamba Phoenix ni mzigo kabla hujaweka mzigo. Utani huo ni mtamu na uendelee. Lakini gumzo likifika kwenye matunzo, pande zote mbili hupatana ghafla, na hapo ndipo penye hasara: cheni ikilia, nenda gereji, omba kopo la oili chafu, mwagia. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini ushauri huo unatuulia baiskeli, na nini kifanyike badala yake.

Mji wetu ni tambarare. Mtu anatoka Sahare mpaka Mabawa, au Chumbageni mpaka Duga, bila kushuka kusukuma. Kwa hiyo baiskeli ya Tanga haimalizwi na milima, na hata mashimo yana lawama ndogo kuliko tunavyoyapa. Inamalizwa na chumvi. Uvume kusi au uvume kaskazi, upepo unatufikia ukitoka baharini, na unakuja na vitone vidogo vya maji ya chumvi vinavyotua kwenye spoku, kwenye cheni na chini ya fremu. Maji hukauka, chumvi hubaki. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi hiyo huanza kuvuta maji hadi ikayeyuka tena, na usiku wetu huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Ndiyo maana baiskeli iliyolala kavu chini ya upenu, bila tone la mvua, asubuhi ina vidoa vyekundu. Chuma hakikusubiri mvua. Chumvi ilikichotea maji hewani.

Sasa tazama oili chafu inafanya nini. Hiyo ni oili iliyokwisha kazi ndani ya injini. Ina masizi, ina unga wa chuma na ina tindikali iliyojijenga kwenye joto. Ukiimwaga juu ya cheni haisafishi kitu. Inafunika chumvi iliyokwisha kutua, kisha inakamata mchanga wa barabarani. Paka kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, halafu sugua: utasikia kama msasa. Msasa huo ndio unaozunguka kwenye pini za cheni siku nzima. Mafuta ya alizeti nayo yasikudanganye kwa usafi wake, maana yakikaa hewani huganda yakawa kama gundi. Na grisi kwenye cheni hukaa nje tu, haipenyi kwenye rola, vile vigurudumu vidogo vya cheni, ambako ndiko chuma kinasuguana na chuma.

Utaratibu unaofaa si ghali. Fungua klipu ya cheni, kile kibanio kinachounganisha ncha zake, kwa plaisi, ivue cheni yote, itie kwenye kopo lenye mafuta ya taa kiasi cha kuifunika. Nusu lita inatosha. Tikisa dakika tano, sugua kwa mswaki wa zamani, mwaga, rudia kwa mafuta ya taa mapya hadi yatoke bila weusi. Kisha itundike ikauke kabisa, saa nzima au zaidi, kwa sababu mafuta ya taa yakibaki ndani yataifanya oili iwe nyepesi na ikimbie. Irudishe, na hapa wengi hukosea: upande wa klipu uliofungwa uelekee mbele pale cheni inapopita juu, na mdomo wake uangalie nyuma. Ukiigeuza, kitu chochote kinachogusa klipu kinaisukuma itoke, na cheni inakatika ukiwa katikati ya barabara.

Ikisharudi, chukua oili safi ya injini, hata ile ya kawaida ya namba 40. Jaza kisoda kimoja. Cheni ya Phoenix ina viungo 112 hivi, na tone moja kwa kila rola litakuachia oili ndani ya kisoda hichohicho. Zungusha pedali kinyumenyume mara ishirini, subiri robo saa oili ipenye, halafu chukua kitambaa kikavu uifute cheni kwa nje mpaka ionekane kama hukuipaka kitu. Watu hushangaa kuambiwa wafute. Lakini oili yenye kazi ni ile iliyoingia ndani. Iliyobaki nje kazi yake ni kuita mchanga. Anayepita kila siku njia za Raskazone afanye hivyo kila wiki mbili. Wa Pongwe anaweza kungoja mwezi.

Nieleze pia jinsi ya kujua cheni imekufa, kwa sababu watu huinyosha kwa mkono na kukisia. Cheni hairefuki kwa chuma kuvutika. Inarefuka kwa pini na matundu yake kulika. Kila kiungo ni nusu inchi, kwa hiyo viungo 24 ni inchi 12 kamili. Chukua futi ya chuma ya fundi seremala, si tepu ya cherehani ambayo yenyewe huvutika. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu viungo 24, tazama pini ya mwisho. Ikiwa imepita alama ya 12 kwa 1/16 ya inchi, anza kutafuta cheni nyingine. Ikipita kwa 1/8, meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, nayo yameshalika kuifuata, na cheni mpya juu ya meno hayo itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Mtu huyo atarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa cheni mbovu, na cheni haina kosa.

Baada ya cheni ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, na hapa lipo jambo jipya mjini linalouma zaidi. Siku hizi baiskeli zinapelekwa kuoshwa kwa mashine za presha pamoja na bodaboda. Habu za baiskeli zetu hazina mpira wa kuzuia maji kama gurudumu la pikipiki. Kati ya koni, ile inayobana gololi kwenye ekseli, na kikombe zinamokaa gololi hizo, kuna uwazi mwembamba tu, na kinachouziba ni grisi yenyewe. Maji ya presha yanaisukuma grisi ndani, yanaingia, na yanakaa humo na gololi. Kwa nje baiskeli inang'aa. Baada ya muda gurudumu linaanza kunguruma kama jiwe la kusagia. Ndugu zetu wa kuosha magari, baiskeli ioshwe kwa ndoo na kitambaa; mpira wa presha usielekezwe kwenye habu, kwenye ekseli ya pedali wala kwenye shingo ya usukani.

Habu ikishaingia maji hakuna dawa ila kuifungua. Gurudumu la mbele lina gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. La nyuma lina 9 kila upande, za inchi 1/4. Zihesabu zikitoka, kwa sababu moja ikibingirika mchangani utalifunga gurudumu na pengo, na zilizobaki zitagongana. Zifute, ziangalie juani moja moja. Gololi nzima ni kama jicho la samaki wa leo. Yenye kidoa cheusi au kishimo kidogo kama cha ncha ya sindano itupe, na ukitupa moja badilisha zote za upande huo: mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, hivyo itabeba mzigo peke yake na kupasuka. Futa kikombe mpaka kikauke, jaza grisi mpya hadi nusu, chomeka gololi kwenye grisi zishike zenyewe, rudisha ekseli.

Kukaza koni kunahitaji subira. Kaza kwa vidole mpaka mtikisiko uishe, irudishe nyuma kidogo, kiasi cha moja ya nane ya mzunguko, halafu ishike hapo kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya nje. Shika ringi, tikisa kushoto na kulia. Isiwe na mchezo. Kisha inua gurudumu uliachie. Lililokazwa vizuri halisimami ghafla: linabembea huku na huku, upande mzito ukitafuta chini, kisha linatulia taratibu. Likisimama kama limeshikwa breki, koni imebana na itajichimba.

Wauza samaki wanastahili neno lao, kwa maana ndio wanaobeba mji huu asubuhi. Tenga likitoka soko la samaki la Deep Sea na barafu, maji yake hudondoka safari nzima juu ya ringi ya nyuma, friwili na cheni, na maji hayo ni chumvi iliyochanganyika na damu ya samaki. Weka kipande cha turubai juu ya keria chini ya tenga, kilichokunjwa ukingo upande wa kulia, kikiinamia kushoto. Cheni iko kulia, basi maji yamwagike kushoto. Kazi ikiisha, mwagia ndoo moja ya maji matamu kutoka juu, taratibu, kisha futa. Yaonje kwanza kwa ulimi: visima vingi vya karibu na ufukwe vina maji ya magadi au chumvichumvi, na kuoshea baiskeli maji hayo ni kuirudishia ulichoitoa. Kama ya bomba hayapo, kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya mvua ni bora kuliko ndoo nzima ya kisima hicho.

Ringi na spoku zifutwe kwa kitambaa chenye oili kidogo, ila si pale breki inaposhika. Kwenye Phoenix ya breki za vyuma, mpira wa breki huvutwa juu na kushika upande wa ndani wa ringi. Kwenye ya gia, hubana ubavuni. Kujua tofauti hiyo ni kujua kama utasimama mbele ya lori au hutasimama. Na fremu inaoza kwa ndani kabla ya nje. Chomoa nguzo ya kiti, mimina vijiko viwili vya oili safi ndani ya bomba, ilaze baiskeli upande huu na ule oili itambae. Mara moja kwa mwaka yatosha.

Wenye za gia wasidhani alumini imewaokoa. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, huliwa haraka, na unga mweupe unaotoka hubana kama saruji. Nguzo ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya chuma, ikikaa mwaka bila grisi, huenda isitoke tena bila msumeno. Pedali ni vivyo hivyo: chomoa, paka grisi kwenye nyuzi, rudisha, na ukumbuke kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuizungusha upande ambao nati za kawaida tunazikazia. Wengi wameharibu mkono wa pedali kwa kulazimisha.

Kuhusu ubishi wenyewe wa Phoenix na gia, nami nina upande. Kwa Tanga hii isiyo na milima, chuma kizito kinachofunguka chote kwa spana chache na kurudishwa jioni hiyohiyo kinashinda gia ishirini na moja ambazo chumvi itaziganda. Anayekwenda Lushoto ana hoja nyingine.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya vipuri. Gololi zinauzwa zikiwa zimechanganywa kwenye kopo moja, na mteja anapimiwa kwa kiganja. Zitenganisheni kwa saizi, inchi 3/16 kopo lake na 1/4 kopo lake, mziuze kwa idadi. Na kando ya kopo hizo wekeni oili safi ya kupima kwa kifuniko, ya bei ambayo muuza samaki hataona sababu ya kupita gereji kuomba ile nyeusi.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga