Fataki kwenye meli za rimoti: waya wake uwe mbali na risiva

Mhariri,

Vijana wa mtaani kwetu wameshika kazi ya kuunda meli ndogo za kuendeshwa kwa rimoti, na naiunga mkono kwa moyo wote. Wanaipenda zaidi Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga wake mmoja wa sentimita 10.5 uko hapa Fort Jesus, kwa hiyo kijana huenda akautazama, akaupima, akarudi kuuchonga. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115. Ukiipunguza mara mia, bado unabaki na chombo cha zaidi ya mita moja, chenye nafasi ya betri, mota na sasa, nasikitika kusema, fataki za kuigiza mizinga.

Nilikuwa fundi umeme wa meli hadi nilipostaafu, na vijana huniletea vyombo vyao niwakagulie nyaya. Mara nyingi nakuta kiwashio cha fataki kimeungwa kwenye risiva, yaani kifaa cha ndani ya meli kinachopokea amri za rimoti, kikitumia betri ileile inayozungusha rafadha. Kila mtu huiogopa baruti, lakini mimi huiogopa zaidi hiyo risiva. Rafadha ikinaswa na mwani, mota huvuta umeme mwingi, volti zikashuka, risiva ikazimika na kuwaka tena papo hapo. Ikiwaka inaweza kutoa amri ambayo hakuna aliyeituma. Hata kuwasha meli kabla ya rimoti kunaweza kuleta balaa hilo. Na kiwashio hakidai nguvu nyingi: mkondo usiofika ampea moja unaweza kukiwasha, huku kijana ameinamia sitaha akifunga kifuniko.

Kwa hiyo fataki iwe na betri yake peke yake, na waya wake ukatwe katikati kwa plagi ya kuchomoa kwa mkono. Swichi ya kubonyeza haitoshi, kwani hubonyezwa hata na kiwiko. Plagi ikae upande wa pili wa meli, mbali na mdomo wa mzinga, na ichomekwe mwisho kabisa, chombo kikiwa majini na watu wamekwisha rudi nyuma. Risiva nayo ipangwe ili mawimbi ya redio ya rimoti yakikatika isitoe amri yoyote ya kufyatua.

Kabla ya kutia hata chembe ya baruti, weka balbu ndogo mahali pa kiwashio. Endesha meli kwa kasi yote, ishike rafadha kwa kipande cha mti, zima rimoti, iwashe tena. Balbu ikimemeteka hata mara moja, meli hiyo haifai kubeba fataki. Jaribio hili ni la gharama ndogo sana, na ningependa kila mwalimu wa klabu ya sayansi alidai.

Fataki ikikataa kuwaka, rimoti ibaki imewashwa, watu wangoje nusu saa, kisha mtu mmoja tu aifikie meli kwa upande wa plagi na kuichomoa. Asichungulie mtutu. Na mtutu wenyewe usiwe wa chuma, maana ukipasuka vipande vyake huruka kama risasi.

Kwa wanafunzi wa shule sioni haja ya baruti kabisa. Waya wa joto na matone ya gliserini hutoa moshi mzuri, taa ya LED hutoa mwako, spika ndogo hutoa mshindo. Kule Scarborough, Uingereza, vita vya meli ndogo vimekuwa vikiigizwa katika ziwa la bustani ya Peasholm tangu 1927, na milipuko ipo, lakini wanaoiendesha ni watu wazima waliopewa kazi hiyo, na watazamaji huketi ukingoni. Kwetu pia fataki si kitu cha kujinunulia ovyo: Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inazihusu.

Naomba waandaaji wa maonyesho ya shule hapa Pwani waweke sharti la jaribio la balbu kabla ya msimu ujao, na wamteue mtu mzima mmoja wa kuishika ile plagi mfukoni mwake hadi meli iwe majini.

Fundi umeme mstaafu,
Likoni, Mombasa