Kitimoto ikaguliwe kama Virchow alivyodai

Mhariri,

Nguruwe bado wanazurura vijijini Mbozi na Mbeya, na tungependa madiwani wetu wamjue Rudolf Virchow. Daktari huyu Mjerumani alitumwa jimbo la Silesia mwaka 1848 kuchunguza mlipuko wa homa ya chawa. Ripoti yake haikudai dawa tu, ilidai elimu, uhuru na kipato kwa wanyonge. Mwaka 1859 aliingia baraza la jiji la Berlin, baadaye bungeni. Alipigania mifereji ya majitaka na ukaguzi wa lazima wa nyama ya nguruwe kwa hadubini, kwa sababu ya minyoo ya trikinela.

Kwetu adui ni tegu, mnyoo bapa wa utumboni. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai hugeuka malengelenge meupe ndani ya misuli. Ukila nyama hiyo haijaiva, tegu hukua utumboni. Lakini kifafa kinacholetwa na tegu hutokana na kumeza mayai yenyewe, ambayo hugeuka malengelenge kwenye ubongo. Mtu huyameza kupitia mikono michafu au kachumbari isiyooshwa, hata kama hujawahi kuonja kitimoto. Hili wengi hawalijui, na linaumiza watoto.

Kukagua ulimi pekee hakutoshi, maana nguruwe mwenye malengelenge machache hupita. Mkaguzi apasue pia moyo na misuli ya taya. Moto mkali huunguza nje tu. Chemsheni kwanza vipande vidogo hadi wekundu wa ndani uishe. Halmashauri zisimamie vyoo na mabanda, na machinjio yasiyo na mkaguzi yafungwe.

Wasomaji wenu,
Mbeya